Mkataba wa kudumu, wa muda maalum, wa msimu au kibarua: upi unakufaa ukiwa mwajiri Tabora au Kigoma?

Tangu Bunge lilipojadili na kupitisha marekebisho ya sheria za kazi mwishoni mwa Januari 2025, wafanyabiashara wa hapa Tabora wananiuliza swali moja kuliko mengine yote: "Kwa hiyo sasa tumeruhusiwa kuwapa wafanyakazi wote mkataba wa muda?" Kazi yangu ni kuandaa hesabu za mishahara za biashara ndogo, zile zenye watu watano, wanane, kumi na wawili, na ninaelewa kwa nini wanauliza. Mwajiri mdogo anaogopa mkataba wa kudumu. Anaamini akishamsainisha mtu ndiyo kafungwa naye mpaka uzeeni.

Jibu ni hapana, hujaruhusiwa kuwapa wote. Ila milango imeongezeka, na ukijua mlango wa kazi yako ni upi, hofu nyingi zinaisha. Nitaeleza kila mkataba unakupa nini na unakudai nini, kisha niseme wazi ningechagua upi kwa biashara tulizonazo huku kwetu.

Kilichobishaniwa Dodoma

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 ilitambua mikataba ya aina tatu: usio na muda maalum, ambao mitaani tunauita wa kudumu, wa muda maalum, lakini kwa wanataaluma na kada ya uongozi tu, na wa kazi maalum. Mhasibu wa kampuni ya kununua tumbaku Urambo aliweza kupewa mkataba wa miaka miwili. Mlinzi wa ghala la kampuni hiyohiyo hakuweza, kwa sababu si mwanataaluma. Juu ya hapo, kanuni za 2017 zikasema mkataba wa muda maalum usipungue miezi 12.

Waajiri walilalamika kwa miaka kwamba sheria haiwaangalii wenye kazi za miezi mitatu au minne. Hoja yao ina uzito, na mtu wa Tabora hahitaji kuelezwa: tumbaku ina majira yake, asali ina majira yake, na ghala lililojaa watu Juni linaweza kuwa kimya Desemba. Upande wa wafanyakazi nao ukawa na hoja nzito vilevile. Ukimruhusu kila mwajiri kutoa mkataba wa mwaka mmoja mmoja kwa kazi isiyokoma, mfanyakazi ataishi roho juu. Hataweza kukopa benki wala kuanza kujenga, na akidai haki yake Oktoba, mkataba hautahuishwa Januari.

Muswada uliowasilishwa na Ridhiwani Kikwete, waziri wa kazi wa wakati huo, ulipita katikati ya hoja hizo mbili. Mkataba wa muda maalum sasa unaweza kutolewa hata kwa asiye mwanataaluma, kwa sababu zilizotajwa. Miongoni mwake ni kazi za msimu, ongezeko la kazi la muda mfupi, mradi wenye mwanzo na mwisho, na mhitimu anayeingia kazini kutafuta uzoefu. Kwa maoni yangu Bunge lilifanya jambo la busara kudai sababu badala ya kufungulia kila kazi. Na hapo ndipo wengi wanapopotea: wamesikia "mkataba wa muda umeruhusiwa", hawakusikia "kwa sababu zifuatazo".

Kwanza, gharama ambazo mkataba haubadilishi

Chukua mfanyakazi wa stoo ya pembejeo anayelipwa Sh 400,000 kwa mwezi. NSSF ni asilimia 20 ya mshahara, na wewe mwajiri unachangia angalau nusu, yaani Sh 40,000. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ni asilimia 0.5, yaani Sh 2,000. Awe wa kudumu au wa mwaka mmoja, kwa mwezi anakugharimu Sh 442,000. Saa za kawaida za kazi ni 45 kwa wiki kwa mikataba yote. Likizo ni siku 28 kwa mwaka kwa mikataba yote. Saa za ziada zinalipwa mara moja na nusu kwa mikataba yote.

Kima cha chini cha sekta binafsi nacho hakiulizi aina ya mkataba. Kuanzia tarehe 1 Januari 2026 kimepanda kwa wastani kutoka Sh 275,060 hadi Sh 358,322. Huo ni wastani wa sekta zote. Kilimo, biashara, hoteli na ulinzi kila moja ina kiwango chake kwenye amri ya mishahara, na ni lazima uangalie cha kwako.

Kwa hiyo anayekwambia mkataba wa muda ni nafuu, muulize nafuu hiyo iko wapi. Tofauti ya pesa inaonekana siku ya kuachana.

Siku ya kuachana

Tubaki na yule wa stoo. Tuseme ana mkataba wa kudumu na amekaa miaka mitano. Biashara imeshuka, huwezi kuendelea naye. Ukifuata utaratibu wa kupunguza wafanyakazi, yaani ukampa taarifa mapema, ukamweleza sababu, mkakaa mkashauriana kabla hujaamua, deni lako ni notisi ya siku 28, ambayo ukiamua kuilipa badala ya kumwacha aifanyie kazi ni takribani Sh 370,000. Ongeza kiinua mgongo cha siku saba kwa kila mwaka aliotimiza. Miaka mitano ni siku 35, kama Sh 538,000. Jumla inakaribia Sh 908,000, pamoja na siku za likizo ambazo hajazichukua, na cheti cha utumishi.

Sasa fikiria mtu huyohuyo ana mkataba wa miaka miwili, na wewe umechoka naye baada ya miezi kumi. Umemwondoa bila kosa la kumtia hatiani. Mahakama zetu mara nyingi zimeagiza mfanyakazi wa namna hiyo alipwe mishahara ya muda uliobaki. Miezi 14 mara 400,000 ni Sh 5,600,000.

Soma tena hizo namba mbili. Mkataba wa kudumu uliovunjwa kwa utaratibu, chini ya milioni moja. Mkataba wa muda uliovunjwa njiani, zaidi ya milioni tano na nusu. Naomba wafanyabiashara wenzangu walielewe hili kuliko yote niliyoandika hapa: wa muda maalum ndio unaokufunga zaidi, kwa sababu umeahidi tarehe.

Wa kudumu unakuwa ghali pale unapomfukuza mtu kwa hasira. Kwa sheria ile ya 2004, kiwango cha chini cha fidia kwa aliyeachishwa isivyo halali kilikuwa mishahara ya miezi 12, na kwa mtu wetu hiyo ni Sh 4,800,000. Wabunge walipitia hapo pia. Fidia sasa inatofautiana kulingana na kosa la mwajiri, na aliyeachishwa kwa ubaguzi analindwa zaidi kuliko aliyekosewa hatua za utaratibu peke yake. Ni haki kabisa. Mwajiri aliyesahau kuitisha kikao hafanani na yule aliyemwondoa binti kwa sababu kamkatalia.

Ulinzi huo dhidi ya kuachishwa isivyo halali hauanzi siku ya kwanza. Hautumiki kwa aliyefanya kazi chini ya miezi sita kwa mwajiri huyo. Kwa hiyo anayetaka "kumjaribu mtu kwanza" hana haja ya mkataba wa mwaka. Andika mkataba wa kudumu wenye kipindi cha majaribio, kisha umwangalie kweli ndani ya kipindi hicho badala ya kumsahau.

Kibarua wa miaka

Nyumba moja ya kulala wageni mjini kwetu, si mbali na stesheni, ina daftari la mistari lenye jalada la bluu. Kila jioni meneja anaandika majina ya kina dada wanne wanaofua mashuka na kusafisha vyumba, kiasi cha pesa, na mbele ya kila jina kuna alama ya dole gumba au sahihi. Nililipekua kwa ajili ya hesabu. Majina ni yaleyale manne, ukurasa baada ya ukurasa, miaka mitatu nyuma. "Hawa ni vibarua tu, ndugu yangu," mwenye nyumba akaniambia. "Sina mkataba na mtu."

Sheria ya Taasisi za Kazi inasema vingine. Mtu akikufanyia kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi ndani ya miezi mitatu iliyopita, anahesabiwa kuwa mwajiriwa mpaka wewe uthibitishe kwamba siye. Saa 45 kwa mwezi! Hao kina dada wanazimaliza kwa wiki moja. Vivyo hivyo kama unampangia saa za kuingia, au vifaa anavyofanyia kazi ni vyako, au anakutegemea wewe kwa riziki yake.

Na lile daftari, ambalo mwenye nyumba analiona kama kinga, ndilo ushahidi wa upande wa pili. Likifikishwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA kama tunavyoizoea, litaonyesha kazi isiyokatika ya miaka mitatu, bila likizo, bila NSSF. Tena kukosa mkataba wa maandishi kunamwelemea mwajiri: ubishi ukitokea kuhusu mlikubaliana nini na huna karatasi, mzigo wa kuthibitisha ni wako. Dada akisema mlikubaliana Sh 12,000 kwa siku na wewe unasema 8,000, ni wewe utakayetakiwa kuonyesha. Ana siku 30 za kufungua shauri la kuachishwa kazi, na anaanza kwa kujaza fomu tu, bila kuhitaji wakili.

Kibarua halali yupo. Ni wale vijana watano wa kushusha lori la saruji leo, wakalipwa leo, wakaenda. Ni fundi aliyekuja siku tatu kuziba paa. Hao usiwasumbue na mikataba mirefu, andika kiasi na tarehe mmalizane. Ila akishakuwa anarudi kila asubuhi na unamkemea akichelewa, huyo ni mfanyakazi wako.

Kwa mwenye nyumba ile nilipendekeza mikataba minne ya kudumu, kwa sababu wageni hawana msimu wa kuacha kulala.

Msimu: tumbaku, asali, dagaa

Hapa ndipo marekebisho yametufaa sana watu wa magharibi.

Mwenye ghala Kaliua anayehitaji watu kumi na tano wa kuchambua tumbaku na kupanga madaraja wakati wa masoko, kisha anabaki na watatu, sasa ana mlango wake: mkataba wa muda kwa sababu ya msimu. Mwenye kuchakata asali Sikonge hali kadhalika. Ila sababu hiyo iandikwe ndani ya mkataba wenyewe. Usiandike "mkataba wa miezi minne" ukaishia hapo. Andika kwamba kazi ni ya kuchambua na kufungasha tumbaku ya msimu wa mwaka fulani, itaanza lini na itaisha lini. Na kwa vile watu wengi bado wanayo vichwani ile kanuni ya miezi 12, pitisha nakala kwa afisa kazi wa mkoa aikague kabla watu hawajasaini.

Kuna mambo matatu ya msimu yanayowakamata waajiri wasijue.

La kwanza ni likizo. Kwa kawaida mwenye chini ya miezi sita kazini hana haki ya likizo yenye malipo, lakini sheria imemtoa mfanyakazi wa msimu kwenye katazo hilo. Anastahili. Hesabu yake ni siku moja kwa kila siku 13 alizofanya kazi. Aliyefanya siku 78 anadai sita. Weka pesa hiyo kwenye bajeti tangu mwanzo.

La pili ni nauli. Mashamba na maghala ya Urambo na Kaliua yanachukua watu kutoka Kasulu, Kibondo na kwingineko Kigoma. Ukimfuata mtu kwao ukamwajiri huko, kazi ikiisha unawajibika kumrudisha yeye na mizigo yake mahali ulipomwajiri, au umpe nauli. Ukichelewesha, unamlipa pesa ya kujikimu kila siku mpaka asafiri. Nimeona madai ya siku moja ya nauli yakigeuka madai ya miezi kwa sababu bosi alisema "subiri tumbaku iuzwe". Mkataba wenye tarehe ya mwisho haukuondolei deni hili.

La tatu ni kurudia. Mtu uliyemchukua msimu wa kwanza, wa pili na wa tatu kwa masharti yaleyale anaweza kudai kwamba alikuwa na matarajio ya haki ya kurudishwa, na kumnyima bila maelezo kukahesabiwa kuwa umemwachisha. Jiangalie na midomo yako: "Usijali dada, mwakani tupo pamoja" ni ahadi, hata kama uliitamka mkiagana kwenye basi.

Na niseme hili bila kuzunguka. Hakuna mkataba wa aina yoyote kati ya hii unaoweza kumfaa mtoto. Chini ya miaka 14 haajiriwi kabisa, na chini ya miaka 18 hawekwi kwenye kazi ya hatari, na majani mabichi ya tumbaku pamoja na dawa zake ni hatari. Anayekuletea kijana wa miaka 15 kwa ajili ya mabani ya kukaushia tumbaku, mrudishe.

Kigoma wana ugumu wao. Mwaka 2024 shughuli za uvuvi Ziwa Tanganyika zilifungwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Mfanyabiashara wa Kibirizi mwenye kina mama wa kuanika na kufungasha dagaa alikaa miezi mitatu bila bidhaa. Likizo isiyo na malipo ambayo marekebisho yameitaja, ya siku zisizozidi 30 kwa makubaliano, haitoshi kuziba miezi mitatu. Kwake ningegawa: wawili au watatu wanaoshika stoo, hesabu na wateja wawe wa kudumu, kisha likizo zao za mwaka zipangwe ziangukie kipindi ziwa linapofungwa. Waanikaji wapewe mkataba wa msimu unaoanza ziwa linapofunguliwa na kuisha kabla halijafungwa, na tarehe hizo ziandikwe.

Mradi na kazi maalum

Kwa wanaohudumia ujenzi wa reli ya SGR, wenye malori ya kokoto, wapishi wa kambi, mafundi wa vyuma, mkataba wa mradi unafaa moja kwa moja, na huu sina mengi ya kuuelezea. Taja mradi, taja kipande, taja kitakachoonyesha kwamba kazi imekwisha. Ukimaliza kipande kimoja na kumhamishia mtu kipande kingine, andikeni mkataba mpya siku hiyohiyo badala ya kuacha ule wa zamani uendelee kimyakimya.

Uzazi, kwa wanaoajiri wanawake

Kuna sehemu ya marekebisho ambayo baadhi ya wafanyabiashara wameipokea kwa manung'uniko, na mimi naiunga mkono kwa moyo wote. Mama aliyejifungua mtoto njiti sasa anaongezewa, juu ya siku zake 84 za kawaida, muda uliokuwa umebaki hadi ujauzito kutimiza wiki 40. Aliyejifungua wiki ya 32 anaongezewa wiki nane. Baba wa mtoto njiti anapata siku saba badala ya tatu. Doris Mollel, ambaye mwenyewe alizaliwa njiti, alilipigania jambo hili kwa miaka.

Kwa biashara ya watu sita, wiki nane ni pengo, silikatai. Lakini hilo lisikusukume kuwapa wanawake mikataba mifupi ili ujikinge na mimba. Huo ni ubaguzi, na ndio unaoangukia kwenye fidia ile kubwa niliyoitaja. Panga mapema nani anashika nafasi, na mfundishe wa pili kazi ya wa kwanza kabla haijahitajika.

Ningechagua hivi

Duka, gesti, hoteli ya chakula, zahanati, shule, stoo inayofanya kazi mwaka mzima: wa kudumu, wenye kipindi cha majaribio. Mhasibu, meneja, mfamasia: wa muda maalum ukipenda, ila usizidishe miaka kuliko unavyoiamini biashara yako, kwa maana ile miezi iliyobaki ni deni lako. Tumbaku, asali, dagaa: msimu kwa wengi, wa kudumu kwa wachache wanaoshika funguo. Reli na majengo: mradi. Kushusha mzigo wa leo: kibarua, kwa leo.

Ukiwa na watu tisa na unafikiria wa kumi, kumbuka kwamba kuanzia wafanyakazi 10 unaingia kwenye tozo ya kuendeleza ujuzi inayokusanywa na TRA. Wengi hukimbilia kumwita huyo wa kumi "kibarua" ili waikwepe. Umeshaona lile daftari la bluu linavyosoma.

Kama tayari una watu uliowasainisha mkataba wa mwaka kwa kazi isiyo na msimu wala mradi, usingoje uishe. Kaa nao, mkubaliane, uandike mkataba mpya wa kudumu unaohesabu miaka waliyokwisha kufanya, kila mmoja abaki na nakala yake. Za kwako zihifadhi hata baada ya mtu kuondoka: sheria inataka kumbukumbu zake zikae miaka mitano.